Jiji Lilikuja Agosti, Chuo Kikafungwa Oktoba

Hoja iliyo mezani ni hii: kwamba mwanafunzi anayesomea Eldoret, kwa kuwa Rais wa Jamhuri ni mzaliwa wa kaunti hii ya Uasin Gishu, hana budi kupunguza sauti anapozungumzia mambo ya nchi. Hakuna aliyeiandika hoja hiyo popote. Lakini ingia kibanda chochote cha chai, kuanzia Kesses hadi Barabara ya Uganda, utaje karo au ushuru, nawe utaisikia kabla chai haijapoa. Tulimpigia kura sisi, sasa mnataka nini tena?

Wasemaji ni wanne. Maneno yao nimeyaokota kwa watu wengi nikayatia katika vinywa vinne, kwa hiyo msitafute majina. Komredi yuko mwaka wa nne katika Chuo Kikuu cha Moi. Chuoni sote huitana hivyo, wa kike kwa wa kiume, na huyu ni wa kike. Mzee analima mahindi upande wa Moiben. Mama ana duka la nguo katikati ya mji. Daktari si wa hospitali, ni mhadhiri. Mimi ninayeandika ni mwanafunzi pia, na sitajifanya sina upande.

MZEE: Nianze na yale ambayo hata mtoto anayaona. Moi alipokuwa Ikulu, tulipata chuo kikuu mwaka 1984. Tukapata hospitali ya rufaa na uwanja wa ndege wa kimataifa. Hata kiwanda cha risasi kiko hapa. Wengine waliita upendeleo, sisi tukaita maendeleo. Kisha Ikulu ikakaliwa na wengine miaka ishirini. Sasa yumo mtu wetu, yule yule tuliyemchagua mbunge wa Eldoret Kaskazini mwaka 1997. Agosti 15, 2024 akatuletea hati ya jiji. Kenya yote ina majiji matano: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, na sisi. Halafu wewe, binti yangu, unabeba bango kumwambia aende?

KOMREDI: Mzee wangu, hati ile haikutoka mfukoni mwa mtu. Sheria ya miji na majiji, baada ya kurekebishwa mwaka 2019, inataka wakazi 250,000. Sensa ya mwaka huo huo ilihesabu Eldoret watu 475,716. Tulistahili kuwa jiji kwa hesabu ya vichwa, na changu kimo. Kwa nini nimshukuru mtu kwa kunihesabu?

MZEE: Nakuru walikuwa wengi kuliko sisi, na bado walingoja hadi Desemba 2021. Vichwa peke yake havitoshi. Lazima awepo mtu wa kutia sahihi.

KOMREDI: Basi ametia sahihi. Jiji lilikuja Agosti, na mwanzoni mwa Oktoba chuo changu kikafungwa. Wahadhiri walikuwa wamegoma, madarasa matupu, sisi tukaandamana, Seneti ikatuambia twende nyumbani. Pale steji makanga walitutoza nauli mara mbili, ya mtu na ya godoro. Tulipita katikati ya jiji jipya na magodoro juu ya matatu, na mapambo ya sherehe hata hayajapauka. Sasa niambie, nilipaswa kushangilia lipi?

Hapa Mzee alinyamaza, lakini si kwa kushindwa. Watu wa umri wake wana namna ya kukuacha useme mpaka uishiwe. Aliyeingilia kati ni Daktari, na sikutarajia angemkosoa mwanafunzi wake.

DAKTARI: Komredi, unalolisema ni kweli, ila umemlaumu mtu mmoja kwa shimo lililochimbwa na wengi. Tuligoma kwa sababu hati ya mshahara ilionyesha nimekatwa pesa za pensheni na za SACCO, na kule zinakopelekwa hazikufika. Hilo halikuanza mwaka 2024. Kwa miaka mingi vyuo viliishi kwa wanafunzi wa kujilipia, wale wa jioni na wa wikendi. Mwaka 2015 waliofuzu kuingia chuo kikuu kwa C+ na zaidi katika mtihani wa KCSE walipita 165,000. Mwaka 2016 wizi wa mitihani ulipobanwa, wakashuka chini ya 90,000. Nafasi za serikali zikawatosha wote. Nani tena angejilipia? Pesa zikakauka ghafla, lakini wafanyakazi walikuwa wameshaajiriwa, na kampasi zimeshafunguliwa katika kila mji wenye ghorofa. Chuo chetu wenyewe kilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex mwaka 2007, kilipokuwa kimeshafilisika.

MAMA: Chuo kikuu kinauza vitambaa?

DAKTARI: Kinafuma, Mama. Kinafundisha pia uhandisi wa nguo, kwa hiyo wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Ninachosema ni kwamba deni halina chama wala kabila.

KOMREDI: Daktari, hapo mimi na wewe tunaachana. Sawa, shimo ni la zamani. Lakini aliyekuja na tiba ni serikali hii, na tiba ndiyo inayoniuma. Zamani karo ya mwanafunzi wa serikali ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka, ukiongeza vitu vidogo vidogo hivi. Mwaka 2023 tukaletewa mfumo mpya. Kila kozi ikapewa bei yake kamili, sisi tukagawanywa kwa madaraja, ambayo mwaka 2024 yalikuwa matano. Daraja la kwanza familia ililipa asilimia 5. La tano, ambalo lilikuwa la wanaopata zaidi ya 120,000 kwa mwezi, ililipa asilimia 40. Kwenye karatasi ni haki tupu. Lakini anayeamua wewe ni daraja gani ni mtambo wa kompyuta. Nina rafiki ambaye mama yake anauza maziwa ya ng'ombe wawili, na barua yake ilitoka na daraja la matajiri. Akakata rufaa, akangoja. Huku anangoja, portali imefungwa na kadi ya mtihani haichapishiki.

MZEE: Si mahakama ilifuta mfumo huo?

KOMREDI: Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema ni kinyume cha katiba. Serikali ikakata rufaa, na mgao ukaendelea. Shangazi yangu alinipigia simu kunipongeza. Nikamwambia ahifadhi pongezi.

MZEE: Mimi sikusoma chuo, lakini na mimi serikali hii naipima kwa kitu ninachonunua. Mwaka 2022 mbolea ya kupandia ilipita 6,000 kwa gunia la kilo 50. Huyu akaileta ikauzwa 2,500. Kama wewe una portali, mimi nina ghala la mbolea. Ukipiga hesabu, karo ya mjukuu wangu imetoka kwenye hiyo tofauti.

KOMREDI: Na Aprili 2024, Mzee? Mbolea feki iliyouzwa kwa mpango huo huo wa serikali?

MZEE: Nilisikia. Wengine waliipanda.

KOMREDI: Na wabunge walipotaka waziri wa kilimo atimuliwe, kamati ikamwondolea lawama. Hapo mtu wetu alikuwa wapi?

MZEE: Ulitaka afungue kila gunia mwenyewe?

Jibu hilo lilichekesha watu, lakini lisituponyoke. Ndiyo kinga ya kila kiongozi anayependwa kwao. Jema likitokea, ni mkono wake. Baya likitokea, yeye ni mtu mmoja, hawezi kuwa kila mahali. Kwa hesabu hiyo hakuna siku atakayoshindwa. Na sisi vijana tuna ugonjwa huo huo kichwa chini miguu juu. Stima ikikatika hosteli, ni Ikulu.

Mama alikuwa kimya muda mrefu, akikunja na kukunjua karatasi ya risiti. Duka lake lilifungwa Juni 25, 2024 kama mengine yote ya katikati ya mji, siku vijana wa Nairobi walipoingia Bunge kupinga Mswada wa Fedha na vijana wa Eldoret wakajaza barabara za hapa. Mali iliporwa siku hiyo, na moto ukawashwa. Kesho yake Rais alisema hatatia sahihi mswada ule. Nilidhani Mama atakuwa upande wa Mzee.

MAMA: Mwanangu, sitakuficha. Siku ile niliwalaani. Mlango wangu ulipigwa mawe na waliopiga walikuwa wa rika lako.

KOMREDI: Pole, Mama. Lakini waporaji hawakuwa sisi.

MAMA: Mwizi havai sare, ningejuaje? Usiniombee msamaha wa watu usiowajua. Sikiliza kwanza. Mimi nililala katika uwanja wa maonyesho wa hapa Eldoret mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ndani ya hema, na watoto wawili. Kanisa la Kiambaa lilichomwa siku ya mwaka mpya, watu wakiwa ndani. Nyinyi mlikuwa mnanyonya. Mwaka ule, ukikuta vijana barabarani, walikuwa na swali moja tu: leta kitambulisho. Hawakutaka picha. Walitaka jina la tatu, linaloonyesha kabila. Sasa Juni 2024 nimejifungia dukani, nachungulia kwa tundu, naona vijana wanapita mamia kwa mamia. Wanasema hawana kabila, hawana kiongozi, hawana woga. Nikatega masikio nisikie jina gani litatukanwa safari hii. Halikutukanwa jina la watu wangu, wala la watu wa Mzee. Walikuwa wanataja bei. Mkate, ushuru, unga. Nilipigwa mawe, ndiyo, lakini sikupigwa kwa sababu ya jina langu. Katika mji huu, baba, hiyo ni mara ya kwanza naiona.

MZEE: Hilo nalikubali.

MAMA: Basi usimwambie mtoto anyamaze kwa sababu Rais ni wenu. Ukisema ni wenu, na mimi ninayeuza nguo hapa miaka yote hii ni wa nani?

Kama huu ungekuwa mdahalo wa shule ya upili, hapo ndipo refa angepuliza kipenga. Swali la Mama limeivunja hoja ya Mzee pale ilipo dhaifu kuliko kote. "Mtu wetu" linamtaka msikilizaji awe mmoja wa sisi, na Eldoret haijawahi kuwa ya sisi mmoja. Ni mji wa Wanandi na Wakeiyo, wa Wakikuyu na Waluhya wa Langas na Huruma, wa Wajaluo, wa Wahindi wenye maduka ya vyuma, na wa wanafunzi kutoka kaunti zote arobaini na saba. Hati ya jiji, ukiisoma kwa haki, ilikuwa tuzo ya mchanganyiko huo.

Lakini Mama hakuwa amemaliza, na sehemu iliyobaki ilikuwa yetu.

MAMA: Sasa nawageukia makomredi. Juni 2024 mlikuwa wengi. Je, mwaka 2023, wazazi wa Ufini walipoandamana hadi ofisi za kaunti, mlikuwa wapi?

KOMREDI: Yale yalikuwa mambo ya wazazi.

MAMA: Ya wazazi? Waliokuwa wanafukuzwa vyuo kule walikuwa wa rika lako, mwanangu. Mlikaa darasa moja sekondari.

Kwa msomaji wa mbali, habari yenyewe ni hii. Mwaka 2021 serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu ilianzisha mpango wa kupeleka vijana vyuo vya Ufini na Kanada. Wazazi walilipa karo katika akaunti ya hazina ya elimu ya kaunti katika benki ya hapa mjini, ili kaunti iifikishe vyuoni. Wako waliouza mashamba. Mwaka 2023 vyuo vya Ufini vikaanza kudai, na wanafunzi wakaonywa kwamba wataondolewa. Wengine walikuwa wamelipa na hawajawahi hata kupanda ndege. Agosti mwaka huo Seneta Jackson Mandago, aliyekuwa gavana mpango ulipoanza, alikamatwa na kushtakiwa mahakamani Nakuru pamoja na waliokuwa maafisa wa kaunti, kwa madai ya kula njama ya kuiba zaidi ya shilingi bilioni 1.1. Walikana mashtaka, na mwenye kuhukumu ni mahakama, si kibanda cha chai.

DAKTARI: Na kuna jambo ambalo hatukuliuliza mapema. Katiba, Jedwali la Nne, imeipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa. Kaunti ilipofungua akaunti ya karo za Ulaya, ilikuwa imetoka nje ya kazi yake kabisa. Tulikuwa na vyuo vikuu viwili mlangoni, Moi na Eldoret, vyenye wanasheria na wahasibu. Hakuna kati yetu aliyesimama kuuliza kaunti imepata wapi kazi hiyo.

MZEE: Mliona wivu tu, watoto wa watu wanaenda ng'ambo.

DAKTARI: Hapana, Mzee. Tuliona fahari. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

KOMREDI: Lakini huwezi kulinganisha. Mswada wa Fedha uligusa kila mtu. Ufini iligusa familia za mia kadhaa.

MAMA: Mwanzo wa kila kitu ni familia za mia kadhaa.

KOMREDI: Na Mama, kusema ukweli, Nairobi ni rahisi. Mswada uliwekwa wazi, mtu akautafsiri, akauchambua kwa video ya dakika mbili, nikaelewa matatuni kabla sijafika kampasi yetu ya Annex. Ya kaunti nitayapata wapi? Nani anayatafsiri?

Hapa naomba nafasi. Nadhani Komredi, bila kukusudia, ndiye aliyelitamka jambo lenyewe. Tunajua ya mbali kwa sababu yametengenezwa yajulikane. Rais alipolifuta baraza la mawaziri Julai 11, 2024, wenzangu wa hosteli waliyataja majina ya mawaziri mmoja mmoja kama wachezaji wa timu ya taifa. Waulize jina la MCA, mwakilishi wa wadi wanayoishi katika bunge la kaunti, uone watakavyotazamana. Sisemi waache ya Ikulu. Daraja la karo linapangwa na serikali ya kitaifa. Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025, ule wa kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5, uliamuliwa Nairobi pia, kwa makubaliano ya kulipa bilioni 7.9 kwa awamu mbili, ya pili ikiwa Julai 2026. Siku 49 zilikwenda hivyo, na mtu akiniambia nisiseme neno kwa kuwa Rais ni wa huku, nitamwomba kwanza anirudishie muhula wangu.

Ila jiji ni jambo jingine. Jiji lina bodi, na bodi iko chini ya kaunti. Taa za njia ya kuelekea Chepkoilel, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Eldoret hurudi usiku, mitaro ya Langas, na wachuuzi wanaohamishwa leo na kurudi kesho: hakuna hata moja kati ya hayo linalongoja Ikulu. Mzee anamshukuru Rais kwa hati, Komredi anamlaumu Rais kwa shimo la barabarani, na aliye na ufunguo wa kabati la pesa yuko hapa hapa mjini, hasikii jina lake likitajwa kwa wema wala kwa ubaya. Sidhani kuna kiongozi asiyependa kukaa hapo.

MZEE: Mimi huenda.

KOMREDI: Wapi?

MZEE: Kwenye mikutano ya bajeti ya kaunti. Unadhani ni ya nani? Wanatuita ukumbini, wanatusomea. Mwaka mmoja nilisimama nikauliza kuhusu barabara ya maziwa, wakaandika. Tulikuwa wazee watupu, na kina mama wachache.

KOMREDI: Na barabara?

MZEE: Walimwaga changarawe nusu. Nusu nyingine nitauliza tena. Lakini kijana simwoni pale. Nikimwona ni yule anayetugawia soda.

DAKTARI: Kisheria kaunti hupeleka waraka wa mkakati wa fedha kwa bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kati ya tarehe hizo wananchi wana nafasi.

KOMREDI: Hati zenyewe ziko wapi?

DAKTARI: Zinatakiwa ziwekwe hadharani. Ni kurasa nyingi, kwa Kiingereza kigumu, meza juu ya meza.

MAMA: Wewe unasomea nini, mwanangu?

KOMREDI: Uchumi.

MAMA: Haya.

KOMREDI: Mama, msinitupie mzigo wote. Mzee amekaa mikutanoni miaka yote hiyo na bado Ufini ikatokea.

MZEE: Nilikaa na wasiojua kusoma meza. Nilikuwa namsubiri mtu.

KOMREDI: Basi na wewe, tukienda, usisimame ukasema Rais ni wetu.

MZEE: Nitasema gavana si wetu. Itatosha?

KOMREDI: Tatizo ni Aprili. Ni mwezi wa mitihani ya katikati.

MAMA: Nyinyi kila mkiitwa mna mitihani. Ile Juni hamkuwa nayo?

DAKTARI: Ya kwangu naweza kuisogeza wiki moja mbele.

KOMREDI: Kama hutakuwa umegoma, Daktari.